Mgeni Aanzie Wapi

Lifti ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na ukumbi wa chini wa lile jengo refu ulijaa watu wanaonung'unika. Wanasheria na mafaili yao, mzee aliyeshika shavu lililovimba, wachukuzi wa maji ya chupa, wote walisimama wakiutazama mlango wa chuma uliofunguka nusu, kama ndugu wanaomsubiri mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Ndani ya mlango ule palikuwa na giza, nyaya, mwanga wa tochi, na muziki.

Aliyesogea karibu kuliko wote alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye gauni la kijivu lenye vifungo vidogo mpaka shingoni, kitambaa cha manjano kichwani, na raba za mtu anayeshinda amesimama. Kifuani alikumbatia boksi lenye meno. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia: madaktari hupima vinywa, yeye huunda, kisha huwapelekea. Kazini walimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyemharakisha. Siku hiyo alikuwa anakwenda kwa daktari wa ghorofa ya tisa.

"Samahani, fundi," alisema akiinamia lile shimo. "Hiyo ni nini?"

"Ni breki," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka chini. "Imeng'ang'ania. Nipeni nusu saa."

"Siyo hiyo. Hiyo inayoimba."

Kisha kikachomoza kichwa chenye mvi mbili tatu, mustachi uliokatwa vizuri, na alama ya grisi kwenye shavu. Fundi wa lifti alimtazama yule mwanamke kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya mji wa ugenini.

Alimweleza kuwa ni bendi ya roki, wanaume wanne wa mbali, walioanza kupiga kabla yeye na yule mwanamke hawajazaliwa. Wawili kati ya wanne hao wameshafariki. Wameacha albamu tisa. Alisema amekuwa akizipiga nyimbo zao kwenye spika yake ndogo miaka yote anayoingia mashimoni, na watu humuuliza jambo moja tu, lifti itapona saa ngapi. Taratibu naye akasema kilichomsimamisha ni ile sauti. Aliisikia kama ya mtu anayeita kisimani, na hakuna anayegeuka. Akamuuliza mtu asiyewajua kabisa aanzie wapi.

Fundi alijifuta mikono, akapanda, akaketi ukingoni miguu ikining'inia shimoni. Ile nusu saa aliyoomba akaisahau.

"Usianze na ile ya kwanza," alisema. "Huko ndiko kila mtu anakoanzia, na ndiko wengi wanakoishia. Ile walikuwa vijana, wanataka dunia nzima ijue kwamba wana gitaa. Anza na ya tatu. Kwenye ya tatu wameshachoka kupiga kelele, wameanza kuzungumza."

"Na nikiimaliza?"

"Ukiimaliza nipigie. Nitakwambia pa kwenda."

Mwanasheria mmoja alikohoa kwa nguvu. Wakapeana namba upesi upesi, fundi akazama tena shimoni, na Taratibu akapanda ngazi za ghorofa tisa na boksi lake. Alipofika ya sita alikuwa anahema na kujicheka. Amempa namba mtu aliyekuwa ndani ya shimo.

Hakuwa mtu wa kugawa namba. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha, na rafu za vinywa vya plasta vya watu asiowafahamu. Jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili, akapika kwa sufuria ndogo, akala akiwa amesimama karibu na jiko, akaosha sahani yake na kuianika. Mama yake, waliyeishi pamoja miaka mingi, alikuwa amehamia kwa kaka mtu, mji mwingine. Tangu hapo nyumba ilikuwa na utulivu ambao wageni, kama wangekuwepo, wangeusifu. Lakini upweke ukizoeleka huacha hata kubisha hodi. Huingia, huvua viatu, hukaa.

Ile albamu ya tatu aliisikiliza kazini, simu ikiegemea kopo la nta, huku akipanga meno ya juu ya mzee mmoja, jino baada ya jino. Ilipokwisha aliirudia. Kisha akapiga simu.

"Nani mwenzangu?" fundi aliuliza, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Ni yule mgeni wa albamu ya tatu."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu papo hapo, akacheka, na Taratibu akajikuta anacheka peke yake mbele ya vinywa vya plasta. Kuanzia siku hiyo akawa Mgeni. Naye namba ya fundi akaiandika "Lifti", kisha akamwita hivyo hivyo, na mwenyewe akalipenda jina hilo.

Lifti alimpeleka mwendo wake. Kutoka ya tatu wakaenda ya nne. Ya nne ilipomkaa rohoni, akamwambia sasa arudi nyuma kwenye ya pili, halafu ya kwanza, akawaone walivyokuwa watoto. Kila albamu ilikuja na maelezo, wapi aongeze sauti, wapi aache kila anachofanya, nani aligombana na nani wakati wanarekodi. Simu zikawa ndefu. Aliamka na ujumbe wake, akala chakula cha mchana na sauti yake.

Jumapili moja Taratibu alikwenda kwake. Kilikuwa chumba nadhifu, spana zimetundikwa ukutani kutoka kubwa hadi ndogo, na chini ya dirisha rafu ya santuri, kila moja ndani ya mfuko wake. Siku ya Jumapili Lifti alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata nyanya. Walikaa chini, migongo ikiegemea kitanda. Sindano ilipogusa santuri, Lifti alinyanyua kidole: "Sikia hapa." Naye Taratibu akasikia. Katikati ya upande wa pili wa ile ya nne kidole hakikunyanyuka. Mkono ule wenye harufu ya sabuni, na kwa mbali harufu ya grisi, ulishuka ukatulia juu ya wake, na hakuna aliyesema sikia.

Albamu moja tu alinyimwa, ya tano. Lifti alisema hapo ndipo walipofika kileleni, baada ya hapo mtu anakunja jamvi. Akasema haisikilizwi hivihivi, ina siku yake.

"Siku gani hiyo?"

"Tulia, Mgeni. Utaijua."

Mtu aliyezoea siku zinazofanana hupenda kuahidiwa siku. Taratibu alinunua kitambaa cha zambarau, akamweleza fundi cherehani shingo aikate vipi. Kwenye simu alimwambia mama yake kwamba yuko salama, na mama yake akasema sauti yako imenenepa, unakula nini siku hizi. Akajibu hamna kitu, Mama, nipo tu.

Kisha Lifti akampeleka kwa dada yake.

Dada mtu alikuwa mpishi wa kantini ya shule, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kujaza nyumba, na kabla Taratibu hajavua viatu alikuwa ameshaitwa wifi. Walikula, wakacheka, Lifti akataniwa kwa mustachi wake. Baadaye wanawake wawili wakabaki jikoni kuosha vyombo, na dada mtu, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, akashusha sauti akauliza kama kaka yake ameshafika ya tano.

Taratibu alimuuliza amejuaje habari za ya tano.

"Nikose kujua? Si ndivyo alivyomfanyia yule mkewe wa kwanza," alisema dada mtu, akisugua sufuria. "Usianze na ile ya kwanza, huko ndiko kila mtu anakoanzia. Humu ndani tuliimba kama shairi. Ya tatu, ya nne, halafu rudi nyuma. Na siku ya tano ndipo alipomtolea pete. Wewe jiandae tu, wifi yangu."

Alisema kwa nia njema, na kwa furaha. Taratibu aliendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Habari ya kwamba Lifti aliwahi kuoa hakuwa ameificha. Alimweleza mapema jinsi mkewe alivyosafiri kwenda kufanya kazi nchi nyingine, simu zikapungua, mwisho ikaja karatasi ya talaka. Taratibu hakumwonea wivu mwanamke yule. Kilichomuuma ni maneno. Yale maneno ya ukingoni mwa shimo, ambayo alikuwa akiyarudia peke yake kila usiku kama mtu anayehesabu mali yake, kumbe yalishatamkwa, kwa mpangilio ule ule, na pengine kwa kidole kile kile.

Akasema kichwa kinamuuma. Akarudi kwake peke yake. Kesho yake Lifti alipopiga, aliuliza kuna nini, naye akamwambia alichosikia jikoni.

"Dada yangu huyo," Lifti alisema. "Ni kweli. Sikukusudia kukuficha."

"Hata neno moja hukubadilisha?"

"Ndiyo njia ninayoijua, Mgeni. Mtu akikuonyesha njia nzuri, unamuuliza kabla yako alipita nani?"

"Nikipita peke yangu siulizi. Nikishikwa mkono nauliza."

"Kwa hiyo unataka nianze na ya ngapi? Nianze na ile mbaya, ili uone kwamba ni yako?"

Alikuwa ameumia, na aliyeumia husema hovyo. Taratibu naye alikuwa ameumia. Akamwambia kumbe yeye alikuwa abiria tu, ameingia lifti ikiwa imeshapangiwa ghorofa, ya tatu, ya nne, ya tano, na fundi mwenyewe hakumtazama usoni ajue amembeba nani. Akakata simu.

Lifti alipiga tena na tena, na Taratibu akaiacha simu ilie. Halafu ikafika siku simu haikulia, na ukimya huo ukawa mbaya kuliko mlio.

Hapo ndipo alipojua kwamba upweke wa zamani ulikuwa mwepesi. Wa zamani ulikuwa haujui unachokosa. Huu mpya ulijua kila kitu: saa ya ujumbe wa asubuhi, saa ya simu ya mchana, uzito wa mkono ule. Karakanani aliacha kupiga muziki, lakini masikio yalishaharibika, yakawa yanasikia msasa unavyokwaruza, tanuri linavyovuma, maji yanavyodondoka kwenye sinki. Gauni la zambarau alilichukua kwa fundi cherehani likiwa halijapindwa chini, akalitundika nyuma ya mlango. Wenzake walimuuliza kama anaumwa. Akasema ni mafua.

Katika siku hizo alipata muda wa kufikiri. Akaona kwamba miezi yote ile alijua majina ya wanamuziki wanne, wake zao, na ugomvi wao juu ya fedha na wanawake, lakini Lifti hakujua hata jino moja linatengenezwaje. Hakuwahi kuuliza. Na yeye hakuwahi kusema. Alikaa akisubiri kuulizwa, kama mgeni mwenye adabu anayesubiri kukaribishwa maji huku koo limekauka. Hasira yake ikagawanyika, nusu ikabaki kwa Lifti, nusu ikarudi nyumbani kwake.

Alasiri moja ya mvua, umeme wa tanuri ulipokatika na kazi ikasimama, alifungua simu akaitazama ile orodha. Ya tano aliiruka, kwa upole, kama unavyomruka mtu aliyelala. Akabonyeza ya saba, ambayo Lifti hakuwahi hata kuitaja.

Mpiga ngoma alikuwa ameshafariki walipoirekodi, na hawakumtafuta mwingine. Walipiga bila ngoma. Gitaa lilikuwa chini, kinanda kinanong'ona, na mwimbaji alikuwa mtu mzima, sauti imechakaa pembeni kama ukosi wa shati. Kwenye wimbo mmoja alianza ubeti, akakosea, akacheka kidogo, akaanza upya, na wakaiacha hivyo hivyo wasiifute. Taratibu alikuwa mtu wa kutupa jino lililopinda kwa unene wa unywele. Lakini kosa lile alilirudia mpaka umeme ukarudi. Alilia kidogo, akajipangusa kwa mkono wenye vumbi la plasta, akajiona kwenye kioo cha kabati ana uso mweupe kama mzuka, akacheka.

Na hapo akataka kumwambia mtu. Akawafikiria wenzake, mama yake, jirani wa chini. Katika mji mzima wenye watu wote wale, alikuwepo mmoja tu ambaye angeelewa, na ndiye aliyekuwa hasemi naye. Akapiga moyo konde, akampigia. Simu haikupokelewa. Akaweka vifaa vyake sawa, akavaa koti, na alipokuwa anafunga mlango simu ikalia.

"Nilikuwa juu ya paa la lifti," Lifti alisema. Alihema. "Samahani. Sikusikia."

"Umewahi kusikiliza ya saba?"

Lifti alisema anayo, aliinunua wiki ile ile aliyosafiri mkewe, wakiwa wamekubaliana kuisikiliza pamoja atakaporudi likizo. Haijawahi kutoka kwenye mfuko wake. Ndiyo maana aliwaambia watu kwamba baada ya ya tano hakuna kitu.

"Ilete Jumapili," Taratibu alisema. "Kwangu. Sina mashine, tutaipiga kwenye simu, lakini uilete."

Jumapili alifika na shati jeupe ambalo halikupigwa pasi. Alikuwa amekonda. Santuri aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo ndani, na Taratibu aliona anavyovitazama vyumba vyake viwili, meza, kiti kimoja chenye mto na kimoja kisicho na mto, na akaona aibu kidogo, kisha aibu ikaisha. Akampa chenye mto. Akabonyeza simu.

Lifti alisikiliza ameinamisha kichwa. Kidole hakikunyanyuka hata mara moja. Ulipofika wimbo wenye lile kosa, Taratibu alimwangalia, naye alikuwa amefumba macho na taya limekaza. Muziki ulipokwisha walisikia mtoto wa jirani akiburuta kitu sakafuni.

"Siipendi," Lifti alisema mwishowe. "Nisikudanganye. Inaniumiza. Wamezeeka, na mwenzao hayupo, na wanajua."

"Mimi ndiyo naipenda kwa sababu hiyo."

"Naona." Alijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Ile njia nyingine nilikuwa naijua yote, Mgeni. Najua utacheka wapi, utanyamaza wapi. Nilishapotea njia na mtu mara moja, nikaogopa kupotea tena. Yale maneno yalinifaa zamani, basi nikayang'ang'ania. Sikukutazama, umesema kweli. Sasa nimekaa hapa sijui niseme nini."

"Usiseme. Uliza."

Akageuza macho chumbani kama mtu anayetafuta swali sakafuni. Akaona mezani kinywa cha plasta ambacho Taratibu alikuwa amekileta nyumbani kukimalizia.

"Hicho ni cha nani?"

Taratibu akamwambia. Ni cha mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyeomba meno yake mapya yaachiwe mwanya mbele, kama aliokuwa nao usichanani, kwa sababu marehemu mumewe aliupenda. Daktari alikataa, akasema meno ya bandia hayatengenezwi yakiwa na kasoro. Taratibu alimpigia simu mama yule kwa siri akamuuliza mwanya ulikuwa na upana gani, naye akasema ulipitisha njiti ya kiberiti. Akamwonyesha Lifti nta inavyokatwa, jino linavyosogezwa, jinsi unavyoangalia kwa pembeni, si kwa mbele. Lifti aliuliza kwa nini kwa pembeni. Akajibu. Akauliza tena. Chai ikapoa. Taratibu hakukumbuka lini mara ya mwisho aliongea mpaka koo likamkauka.

Jua lilipokuwa linashuka kwenye paa za mbele, Lifti aliweka kile kinywa mezani kwa uangalifu, akamuuliza Taratibu kama mama yake ana habari kwamba yeye, Lifti, yupo duniani.

Hakuwa na habari, Taratibu alisema.

"Nataka nikajulikane," alisema Lifti. "Sina pete. Ile nyingine ilikwenda na mwenyewe, na mpya sitaki kuinunua kabla mama hajaniona. Akinikataa nijue."

Taratibu alimtazama usoni kwa muda. Kisha akachukua simu, akapiga. Mama yake alipokea na kelele za wajukuu nyuma, akauliza kuna msiba gani, mbona anapiga Jumapili jioni.

"Hakuna msiba, Mama. Jumapili ijayo nitakuja na mtu."

"Mtu gani?"

"Fundi wa lifti."

Upande wa pili wajukuu walinyamazishwa. Mama akauliza kama huyo mtu anakula pilipili. Taratibu alifunika simu kwa kiganja, akauliza. Lifti, aliyekuwa amesimama wima kama yuko mbele ya hakimu, akatikisa kichwa.

"Hali pilipili, Mama."

"Basi mboga yake nitaipakua kabla sijatia," mama yake akasema.